Karani wa Mizani

Mwezi wa Mei ghala lilikuwa tupu, popo kwenye kenchi.
Nikapanda mizani ya chama,
ileile niliyopimia korosho za watu msimu mzima
nikigombana nao kwa nusu kilo.
Mshale ukapepesuka, ukatulia:
tisini na saba.
Gunia moja la korosho, na mtoto wake mgongoni.
Nikashuka. Sikujiandikia stakabadhi.

Kesho yake nilivaa raba za Chilumba,
mwanangu, yuko bweni Ndanda, hana habari.
Zimenizidi namba mbili; mbele nilijaza vitambaa.
Khanga juu ya suruali, ushungi, tochi ya simu,
nikatoka Mkuti kabla mwadhini hajasafisha koo.

Nguzo ya kwanza ya umeme nilifika nikicheka.
Ya pili nimenyamaza.
Ya tatu niliikumbatia kama ndugu aliyerudi safari,
moyo ukigonga masikioni,
mgeni anayejua wenyeji wamo ndani.

"Kuchele, Mama Chilumba! Nani kafa?"
Bibi Asumini huyo, na ufagio wake.
Huku kwetu Masasi mtu mzima hakimbii bure:
kuna msiba, kuna nyuki, au kuna deni.
"Kuchele, bibi. Hajafa mtu."
"Sasa nani anakufukuza?"
Sikuwa na pumzi ya kumjibu.
Jibu lilinijia saa nne, naoga. Limechelewa.

Siku ya nne nilijipunja.
Nguzo moja niliihesabu mara mbili,
kangomba wa nafsi yangu,
nikarudi nyumbani na faida isiyo na korosho.
Siku ya tano mapaja yaligoma kuchuchumaa.
Ya sita sikwenda. Ya saba nayo sikwenda,
wala hakuna aliyeniuliza,
isipokuwa raba, pale mlangoni,
pua zimeelekea barabarani.

Juni watu wanapuliza salfa.
Mashine zinanguruma alfajiri,
ukungu wa njano umekalia mikorosho,
na mimi humo ndani, nakohoa, nguzo ya saba.
Jabali la Mtandi, kila nikiinua macho, liko mbali vilevile,
basi nikaacha kuinua macho.
Hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba mbio nazo zina polepole yake,
kwamba unaweza kupitwa na mzee
anayesukuma baiskeli ya mkaa,
akakusalimia, ukaitika,
akakata kona akakuacha,
na bado ukawa unakimbia.

Septemba Chilumba akaja likizo.
Akaziokota raba: visigino vimelika,
vumbi jekundu mpaka kwenye ulimi.
Akanitazama miguu. Hakusema kitu.
Jioni alikaa kizingitini na sindano ya magunia,
akazishona zilipoachama,
akatoa vitambaa vyangu, akakata sponji ya godoro,
akaipachika vizuri, akazirudisha mlangoni.
"Zinanibana," akasema.
Mguu wa mwanangu naujua mimi.

Kisha minada. Magunia mpaka nje ya geti,
wakulima wamelala juu ya mali zao,
kalamu inaniganda vidoleni hadi saa tano usiku.
Zipo asubuhi nilizokimbia nguzo mbili tu,
kwenda na kurudi,
ili barabara isinisahau.
Zipo ambazo hata hizo mbili sikuziona.

Jumamosi, watu walipoondoka, nilipanda tena.
Tisini na tatu.
Kilo nne, tangu Mei!
Angekuwa mkulima angenishika shati,
angesema mizani hii ina mkono wa mtu.
Nikaigonga kidogo kwa kisigino. Tisini na tatu.
Safari hii nikaiandika,
nyuma ya kitabu, kwa penseli.

Leo nguzo ya kumi na moja,
mabibo yananuka chachu kando ya njia,
jasho limeingia jicho la kushoto.
Bibi Asumini kainua ufagio:
"Bado hajakukamata tu?"
"Bado, bibi!"
nikamjibu palepale, miguu ikiendelea.